Ni Mke au Si Mke? Darasa la Talaka, Eda na Hati Yake

Katika masuala yanayoletwa mara kwa mara mbele ya masheikh na makadhi wa miji yetu ya pwani, hili ni mojawapo: mwanamke huja na mamake au shangazi yake, aketi kando, kisha aseme kwamba mumewe alimtamkia maneno akenda zake, na sasa yeye hajui ni mke au si mke. Aghlabu huja baada ya miezi mingi kupita, au miaka. Wakati mwanamume mwengine amekwisha kuleta posa, au yule mume amekufa na ndugu zake wanasema kwamba hana fungu katika mirathi. Akiulizwa siku ya maneno alikuwa katika hedhi au katika twahara, hakumbuki. Akiulizwa ni talaka ya ngapi, hujibu kwamba mume asema ya pili, naye ana yakini kuwa ni ya tatu. Hati hana. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja amekufa, na wa pili yuko Maskati.

Mwanamke wa namna hii Qur'ani imemtaja. Katika Sura ya Annisaa, aya ya 129, waume wenye wake wengi wamekatazwa kumwelemea mmoja kabisa hata mwengine akawa kama kitu kilichotundikwa. Wanazuoni wakalichukua neno hilo, wakamwita mwanamke asiyejulikana kuwa ana mume wala hana, mu'allaqa. Mlango wa talaka ni mrefu, na darasa moja halitoshi kuumaliza. Leo twataka kusoma namna mwanamke anavyotundikwa na namna ya kumtungua, kwani twaona kuwa fitina nyingi katika nyumba zetu hazitoki katika talaka yenyewe. Zatoka katika talaka isiyohesabiwa, isiyoshuhudiwa wala kuandikwa.

Kabla ya talaka kuna ngazi zake, na kila mtu azijua japo wachache huzipanda: nasaha, subira, kisha waamuzi wawili, mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 35 ya sura hiyo hiyo. Siku hizi jamaa huitwa baada ya maneno kutoka, waje kuchukua sanduku. Hadithi isemayo kwamba talaka ndiyo halali ichukizayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu imo katika vinywa vya watu wote, na wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya isnadi yake. Lakini mtu hahitaji hadithi hiyo peke yake kujua kwamba mlango huu haukufunguliwa kwa mchezo.

Sasa natutazame talaka ilivyowekwa. Talaka ya sunna ni mume kumtaliki mkewe talaka moja tu, naye yu katika twahara ambayo hakumwingilia ndani yake, kisha amwache akae eda yake. Asili yake ni kisa cha Abdallah mwana wa Umar (R.A.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alimtaliki mkewe katika hedhi. Babake akamweleza Mtume (S.A.W.), naye akaamrisha kwamba amrejee, akae naye mpaka atwahirike, kisha apate hedhi nyengine na atwahirike tena, hapo akitaka amweke, na akitaka amtaliki kabla ya kumgusa. Ukiyahesabu masharti haya utaona kwamba mtu mwenye ghadhabu ya usiku mmoja hawezi kuyatimiza. Yambidi angoje siku, na pengine wiki. Na katika kungoja huko ghadhabu za watu wengi hupoa. Pamoja na haya, maimamu wanne wamesema kwamba talaka ya katika hedhi, ijapokuwa haramu, yapita na huhesabiwa. Mume asiseme basi kwamba maneno yake hayakuwa kitu kwa sababu mke alikuwa katika hedhi. Amefanya dhambi, na talaka imempungukia.

Jambo la pili ni hesabu. Mume ana talaka tatu katika maisha yake na mke huyo, si tatu katika kila ugomvi. Aliyeacha mara moja mwaka 1998 akarejea, kisha akaacha mara ya pili mwaka 2011 akarejea, basi leo anaishi na mkewe kwa talaka moja tu iliyobaki, hata kama wamekwisha pata wajukuu na yale ya zamani wameyasahau. Watu wengi hudhani kwamba kurejea hufuta talaka iliyotangulia. Haifutwi. Kurejea huizuia tu isimtoe mke katika ndoa.

Na ile desturi mbaya ya kutamka tatu kwa pumzi moja? Kwa Imamu Shafi kufanya hivyo si haramu bali ni kinyume cha lililo bora. Kwa Abu Hanifa na Malik ni bid'a na ni dhambi. Lakini madhehebu yote manne yamekubaliana kwamba zapita tatu. Upande wa pili kuna hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) iliyomo katika Sahihi ya Muslim, kwamba zama za Mtume (S.A.W.), na za Abubakar, na miaka miwili ya mwanzo ya ukhalifa wa Umar, talaka tatu kwa pamoja zilikuwa zikihesabiwa moja. Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 1328, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim walilishika jambo hilo, na watu wa zama zao wakawalaumu sana. Misri, baada ya miaka mia sita, ililifanya kuwa sheria: Sheria nambari 25 ya mwaka 1929 ilisema kwamba talaka iliyotajwa pamoja na hesabu, kwa neno au kwa ishara, haipiti ila moja. Nchi kadha za Kiislamu zikafuata njia hiyo.

Atauliza mtu: basi nasi tufuate ipi? Twasema kwamba kadhi ndiye mwenye haki ya kukata shauri baina ya wawili hawa, na hukumu yake huondoa khitilafu. Tusilolikubali ni hili tulionalo sana, kwamba mtu siku zote ni Shafi katika udhu, na Shafi katika kunuti, na Shafi katika maulidi. Lakini asubuhi baada ya kutamka tatu, huwa mfuasi wa Ibn Taymiyya asiyejua hata jina la kitabu chake. Huyu hakutafuta dalili, ametafuta tundu la kutokea. Na mbaya kuliko huyu ni yule aendaye kumtafuta mwanamume wa kukodi, amwoe mkewe usiku mmoja ili amhalalishie. Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kuhalalisha na mwenye kuhalalishiwa. Maneno hayo yametosha, na aibu yake haihitaji kuelezwa.

Tuje kwenye tamko. Vitabu vya fiqhi, na khasa Minhaj ya Imamu Nawawi ambayo makadhi wa pwani hii wameizoea tangu zamani, hugawanya maneno mafungu mawili: yaliyo wazi na ya kinaya. Lililo wazi halina haja ya nia. Mtu akimwambia mkewe "nimekutaliki", au kwa Kiswahili chetu "nimekuacha" kwa maana ya kuachana mume na mke, hasikizwi akisema kwamba hakukusudia. Wala haimfai kusema kwamba alifanya mzaha, kwani imepokewa hadithi ya mambo matatu ambayo mzaha wake ni kweli: nikahi, talaka na kurejea. Ama kinaya ni neno lenye kubeba talaka na lisilokuwa talaka, na mfano wake mashuhuri ni "nenda kwenu". Kaab mwana wa Malik (R.A.), siku za kususwa kwake baada ya vita vya Tabuk, alimwambia mkewe aende kwa jamaa zake, wala haikuwa talaka, kwa kuwa hakuikusudia. Basi mwanamke aliyeambiwa "nenda kwenu" asikimbilie kukaa eda, na wala asipuuze. Mume aulizwe alikusudia nini, na aulizwe mapema, mbele ya watu, kabla hajapata muda wa kuitengeneza nia yake kwa namna itakayomfaa.

Na maandishi je? Hili ni suala la zama zetu, kwani waume wengi wako Ghuba au Ulaya, na talaka siku hizi huja kwa simu ya mkono. Akipiga simu akatamka kwa sauti, ni tamko kama matamko mengine, bora ijulikane kwa yakini kuwa sauti ni yake. Akiandika ujumbe bila ya kutamka, basi katika madhehebu ya Shafi kuandika ni kinaya: akinuia talaka yapita, asiponuia haipiti. Kwa hivyo mke asiufute ujumbe ule kwa uchungu. Auhifadhi, amwoneshe walii wake, na mume aulizwe nia yake naye ajibu waziwazi. Tumewasikia wanawake waliokaa mwaka mzima na ujumbe wa maneno matatu ndani ya simu, kila mtu akiwapa fatwa yake, na hapana hata mmoja aliyemwuliza mwandishi wake.

Sasa tufike penye kosa lililo kubwa kuliko yote na lisilotajwa sana, nalo ni hesabu ya eda. Uliza katika mji huu eda ya mwanamke aliyeachwa ni muda gani, utajibiwa: miezi mitatu. Jibu hili ni sahihi kwa mwanamke asiyepata hedhi, aidha kwa utoto au kwa utu uzima, na miezi yenyewe ni ya mwandamo. Mwenye mimba eda yake ni kuzaa, iwe baada ya miezi minane au baada ya siku mbili. Aliyetalikiwa kabla ya kuingiliwa hana eda kabisa. Ama mwanamke mwenye kupata hedhi, ambaye ndiye muulizaji katika masuala mengi, eda yake ni quruu tatu, na quruu kwa Shafi ni twahara. Kwa Abu Hanifa ni hedhi.

Natupige mfano, na kwa ada ya vitabu vya fiqhi mume tumwite Zaid na mke Hind. Zaid amemtaliki Hind tarehe 5 Rajab, naye yu katika twahara. Tarehe 12 Rajab akapata hedhi. Zile siku saba zilizobaki zimehesabiwa twahara ya kwanza, ingawa ni chache. Akatwahirika tarehe 18 Rajab mpaka 10 Shaabani. Hiyo ni ya pili. Akatwahirika tena tarehe 16 Shaabani mpaka 8 Ramadhani; hiyo ni ya tatu. Hedhi ya tarehe 8 Ramadhani ilipoingia, eda imekwisha. Zimepita siku sitini na kitu, si miezi mitatu. Lakini lau Zaid angalitamka tarehe 13 Rajab, Hind akiwa katika hedhi, ile hedhi isingalihesabiwa, na ingalimbidi akamilishe twahara tatu kamili. Eda yake ingalifika mwanzo wa Shawwal, hedhi ya mwezi huo inapoingia. Baina ya matamko mawili ni siku nane. Baina ya mwisho wa eda hizi mbili ni karibu ya mwezi mzima.

Hasara ya kutojua jambo hili si ndogo. Zaid huyu wa 5 Rajab, aliyefundishwa miezi mitatu, huja tarehe 25 Ramadhani watu wakiwapatanisha kwa ajili ya sikukuu, aseme "nimekurejea", wazee washukuru, na Hind arudi nyumbani. Naye amekwisha toka katika eda tangu siku kumi na saba zilizopita, na kurejea hakuna tena. Lililowapasa ni nikahi mpya, kwa walii, mashahidi wawili na mahari. Wanakaa pamoja pasi na ndoa, wala hawana khabari. Na kinyume chake ni mwanamke anyonyeshaye, ambaye huenda asipate hedhi kwa miezi mingi. Kwa Shafi, aliyekatikiwa na hedhi kwa sababu inayojulikana kama kunyonyesha, hungoja mpaka irudi. Huyu mwezi wa nne huposwa na mwengine, "maana eda imekwisha", na huolewa akiwa angali katika eda ya mume wa kwanza. Nikahi hiyo ni batili. Kila mama afundishaye binti yake, na kila somo wa harusi, angalifundisha hesabu hii kabla ya kufundisha manukato.

Tena kuna eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, ambayo watu huichanganya na hii. Mke wa talaka rejea akifiliwa na mumewe kabla ya eda kwisha, huhamia katika eda ya kufiwa, na hurithi. Mashauri mengi ya mirathi yamesimama juu ya swali hili moja: siku aliyokufa mume, eda ilikuwa imekwisha au haijesha?

Muda wa eda mke akae wapi? Desturi yetu ni kumrudisha kwao siku ile ile, pengine usiku, na vyombo vyake barazani watu wakitazama. Aya ya kwanza ya Sura ya Talaka imewakataza waume kuwatoa wake katika nyumba zao, na imewakataza wake kutoka, ila wakifanya uchafu ulio wazi. Na mwisho wake imetaja kwamba huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jipya baada ya hayo. Wafasiri wamesema jambo hilo ni mume kujuta na kurejea. Watu wawili walio chini ya paa moja huweza kusemezana. Lakini mke akisha pelekwa kwao, husema mjomba na mashangazi, na kila neno lizidi chumvi. Basi mume asemaye "nyumba ni yangu" ajue kwamba kwa talaka rejea mke ana haki ya makazi na nafaka mpaka eda ishe. Katika talaka isiyo na rejea ana haki ya makazi, na nafaka ikiwa ana mimba.

Kurejea kwenyewe ni kwa maneno. Wako wadhanio kwamba mume akimwingilia mkewe ndani ya eda amekwisha kumrejea. Hiyo ni kauli ya Hanafi, ama kwa Shafi hapana kurejea ila kwa tamko. Ridhaa ya mke si sharti, walakini Qur'ani imefunga haki hii kwa nia ya kusuluhisha na ikakataza kuwashika wanawake kwa kuwadhuru. Mume arejeaye siku ya mwisho ya eda ili aache tena kesho yake, mke azunguke eda mwaka mzima, ajue kwamba mchezo huu ulikuwa mchezo wa watu wa Jahiliya, na aya ya 231 ya Sura ya Baqara ndiyo iliyoukata. Aya ya pili ya Sura ya Talaka imetaja mashahidi wawili waadilifu. Wengi wa wanazuoni wameiona amri hiyo kuwa ni ya sunna, si sharti la kusihi. Sisi twasema: sunna iliyoachwa ikazaa kesi zote hizi, haifai kuitwa ndogo.

Hayo ni upande wa fiqhi. Upande wa serikali mambo si mageni kwetu. Tangu mwaka 1906 ilikuwako sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu. Makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya Kenya na Zanzibar, yaliyohusu ukanda wa pwani, yaliahidi kuhifadhiwa kwa ukadhi. Sheria ya Mahakama za Kadhi ikapitishwa mwaka 1967, na Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 170 ikauthibitisha: kadhi husikiza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, ikiwa wote wenye shauri ni Waislamu na wameridhia kuhukumiwa naye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliziondoa zile za zamani na kuzikusanya ndoa zote mahali pamoja; lakini ikasema kwamba kuvunjwa kwa ndoa ya Kiislamu kutakwenda kwa sharia ya Kiislamu, na kwamba nakala ya hukumu ipelekwe kwa Msajili. Asiyeridhika na hukumu ya kadhi hukata rufani Mahakama Kuu, na hapo Kadhi Mkuu au makadhi wawili hukaa pamoja na jaji kumshauri.

Katika sheria ile ya 1967 kuna kifungu cha sita ambacho kila mwanamke yafaa akijue. Kimesema kwamba mashahidi wote watasikizwa bila ya kubaguliwa kwa dini wala kwa kuwa ni mume au mke, na kwamba jambo litaamuliwa kwa kupima ukweli wa ushahidi, si kwa idadi ya mashahidi. Basi aliyetalikiwa jikoni mbele ya wifi yake na mtumishi, asiambiwe kwamba hana kesi mpaka alete wanaume wawili. Aende mahakamani, aombe kuthibitishiwa talaka yake, na kadhi atamwita mume aseme. Mume akikiri, imekwisha; akikana, kadhi atapima. Vyovyote itakavyokuwa, mwanamke atatoka na jibu.

Ikiwa mume hataki kuacha wala hataki kukaa kwa wema, hapo kuna milango miwili. Wa kwanza ni khului, ambao asili yake ni mke wa Thabit mwana wa Qais. Alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akasema kwamba hamtii mumewe ila ya dini wala ya tabia, lakini hawezi kukaa naye, akaambiwa arudishe bustani aliyopewa mahari, na Thabit akaamrishwa amtaliki. Misri mwaka 2000 ilitunga sheria ya kumpa mke khului mahakamani hata mume asiporidhia, akirudisha mahari na kusamehe haki zake za fedha. Kwetu aghlabu hutafutwa ridhaa ya mume, na baadhi ya waume wameifanya biashara: hukaa bila ya kutoa nafaka miaka, kisha wadai kurudishiwa mahari mara mbili. Mke wa mume kama huyu asiuingie mlango wa khului kwa haraka, kwani mbele yake uko mlango wa pili, nao ni faskhi. Mume aliyeshindwa na nafaka, au mwenye kumdhuru mke, kadhi huweza kuivunja ndoa wala mke asilipe kitu. Tofauti ya milango hii miwili ni fedha nyingi, na wanawake wengi huchagua vibaya kwa kukosa mtu wa kuwaambia.

Asidhani mtu kwamba twawafundisha wake kushitaki. Susan Hirsch, mwanachuoni wa Kimarekani aliyezichunguza kesi za mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1998, aliona kwamba wengi wa waletao mashauri ni wanawake. Hilo si ajabu. Mume akitaka kutoka ana ulimi wake. Mke hana ila mlango wa kadhi.

Juu ya fedha tutasema machache. Mahari iliyobaki ni deni, na talaka ikisha kuwa kamili huwa wajibu kuilipa. Nafaka ya mke ya miezi iliyopita, aliyonyimwa akiwa katika utiifu, ni deni pia kwa Shafi, haifi kwa kupita siku. Na mut'a, yaani kitoka nyumba, ambayo imetajwa katika aya ya 241 ya Sura ya Baqara, ni wajibu kwa Shafi kwa mke aliyeingiliwa akaachwa pasi na kosa lake; kadhi huikadiria kwa kutazama hali ya wawili hao. Hii imesahauliwa kabisa katika mitaa yetu. Mwanamke aliyekaa na mtu miaka ishirini hutoka na nguo zake, naye hajui kwamba alikuwa na haki ya kudai. Ulezi wa watoto ni mlango mwengine: fiqhi ya Shafi humpa mama mpaka mtoto apambanue, kisha mtoto huchagua, na Katiba pamoja na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zatanguliza maslaha ya mtoto, na mahakama za watoto nazo zina mamlaka. Tutausoma mlango huo katika darasa lake.

Iliyobaki ni hati. Mume aliyeazimia kuacha, na akapita ngazi zote, naaandike waraka siku ile ile, usingoje kesho. Ndani yake yatajwe majina ya mume na mke na baba zao. Nambari ya hati ya ndoa. Siku, saa na tarehe, ya Kiislamu na ya Kizungu. Neno lenyewe alilotamka, kama lilivyotamkwa. Kuwa ni talaka ya kwanza, ya pili au ya tatu, na zilizotangulia zilikuwa lini. Kuwa mke alikuwa katika hedhi, katika twahara au ana mimba, kwa kauli yake mwenyewe. Mahari iliyobaki na siku ya kuilipa. Mahali atakapokaa eda na nafaka yake. Watie saini mume na mashahidi wawili. Nakala moja ipelekwe kwa kadhi ili iandikishwe na hati ya talaka itolewe. Ya pili ibaki kwa mume. Na ya tatu apewe mke mkononi mwake, si kwa ndugu wa mume wala kwa jirani. Akirejea ndani ya eda, aandike vivyo hivyo nyuma ya waraka ule ule, kwa tarehe na mashahidi. Na mke, tangu siku ya kwanza, ajiwekee daftari lake aandike kila hedhi ilipoingia na ilipotoka. Kwani katika jambo la kwisha kwa eda kwa hedhi, neno lake ndilo linalosadikiwa muda wa kuwa hesabu yawezekana.